Dakika Tatu za Njugu Chungu

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba siongei kama binadamu alikuwa mwalimu wetu wa mafunzo, mbele ya watu, kabla hata ya chai ya saa nne. Tulikuwa katika ukumbi wa hoteli moja katikati ya jiji, watafiti chipukizi kutoka vyuo mbalimbali. Nilikuwa nimemaliza kueleza utafiti wangu, nikiwa na hakika nimewaacha vinywa wazi. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Dada, hayo yote ulikuwa unamwambia nani?"

"Nyinyi."

"Mimi sikuwemo."

Wenzangu wakacheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, hata nyumbani wanajua. Nikamwambia kama hakunielewa labda shida ilikuwa masikio. Wakacheka zaidi, na yeye akacheka nao, jambo lililoniudhi kuliko maneno yake. Zamani alikuwa mtangazaji wa redio, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, na sasa kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi watu wa maabara namna ya kuzungumza na watu. Mafunzo yangeishia kwenye mashindano. Kila mtu angepewa maiki na dakika tatu, bila slaidi wala karatasi, mbele ya majaji.

"Jifanye unamweleza nyanya yako," akasema. "Nyanya asipoelewa, ujue hata wewe hujaelewa."

"Nyanya yangu alikuwa mwalimu wa hesabu," nikamjibu. "Yeye angetaka kujua wewe umefuzu wapi."

Akaniambia niketi. Nikaketi, lakini maneno yake yaliniingia, kwa sababu nilijua ni ya kweli.

Ninachotafiti ni sumukuvu. Mahindi au njugu zisipokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hiyo huacha sumu. Huwezi kuiona, na ukikaanga au ukichemsha haitoki. Ukila kidogo leo, kesho utaamka na kwenda kazini kama kawaida. Ukila kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, ini ndilo linaloumia. Haya, si umeelewa? Siku ile hotelini nilisema hayo hayo kwa maneno marefu ya kitaalamu, mengine marefu hivi kwamba nililazimika kuvuta pumzi katikati.

Wala sikuchagua njugu kwa bahati. Nyumbani kwetu ni njugu. Mama alikuja Nairobi kutoka magharibi kabla sijazaliwa, akauza mitumba, akauza mboga, mwisho akatulia kwenye njugu. Magunia humfikia kwa basi kutoka huko kwao. Huzikaanga kwetu, mtaa wa Satellite, kisha jioni huenda kuketi karibu na kituo cha Adams Arcade wakati watu wanashuka kutoka kazini. Jumapili hubeba kikapu hadi kanisani, upande mmoja njugu za kukaanga, upande mwingine chupa za njugu za kusaga, zile za kupaka mkate. Mimi nimesoma kwa kikapu hicho, kuanzia chekechea hadi huku kwenye shahada ya udaktari nisiyoimaliza.

Siku ya mwisho wa juma mwalimu alitutuma. "Nendeni mkawaambie watu wasiojua kazi yenu. Wakisinzia, rekebisheni." Mwenzangu mmoja alienda saluni, mwingine kwenye gereji ya mjomba wake. Mimi nikaenda kanisani.

Mchungaji alinipa nafasi wakati wa matangazo, kati ya tangazo la harusi na lile la mchango wa viti. "Mtoto wetu ana kitu cha sayansi anataka kutuambia," akasema. "Tumpatie masikio."

Kanisa letu halimwachi mtu aongee peke yake. Ukisema Bwana asifiwe wanajibu, na wakishajibu hawaachi.

"Kuna sumu imejificha kwa njugu," nikaanza.

"Eh!"

"Macho hayaioni."

"Hayaioni!"

 Yale maneno yangu marefu yakanitoka kichwani yote, nikaanza kuongea vile ninavyoongea jikoni. Nikawaambia, unajua ile njugu moja, umetafuna vizuri kumbe ndani yake ni chungu? Uko mbele ya watu, unaona haya, unaimeza. Usimeze! Iteme!

"Iteme!"

"Na kama uko kwa wakwe?"

"Iteme!"

"Na kama ni mchungaji amekukaribisha?"

Watu wakaangua kicheko, na mchungaji mwenyewe akainua mkono akisema, "Iteme tu, mama, nitafagia!"

Aki nilifurahi. Ningeweza kuendelea hadi jioni. Ndipo nikatupa jicho kwenye safu ya akina mama wa ushirika, wote wakitikisa vichwa na kupiga makofi, nikamwona Mama. Alikuwa na kitambaa chake cheupe kichwani, mikono mapajani, midomo imefungwa. Kikapu kilikuwa miguuni pake.

Baada ya ibada mwanamke mmoja wa ushirika, jirani yetu ambaye hakosi chupa yake ya kusaga kila Jumapili, alipita akasema, "Leo wacha tu, tutaona wiki ijayo." Aliyemfuata akasema hivyo hivyo. Wengine walisalimia tu wakageuza shingo. Mama alibeba kikapu hadi nyumbani kikiwa kizito vile vile alivyokuja nacho. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona hilo.

Mama akikukasirikia haongei na wewe. Huongea na sufuria.

"Sufuria," akasema jioni ile akikoroga mboga, "kuna watu husomeshwa ndio waje wafunge biashara ya aliyewasomesha."

"Mama, si uniambie mimi."

"Mimi naongea na sufuria yangu."

"Sikutaja njugu zako!"

"Kwani kanisa mzima nani mwingine anauza njugu? Mchungaji?"

 Nikabamiza mlango wa chumba changu kama mtoto wa sekondari, halafu nikatoka tena kwa sababu nilikuwa na njaa.

Maneno hayakubaki Satellite. Akina mama wale wana binamu na wana vikundi vya simu. Jumatatu jioni kijana mmoja alisimama mbele ya Mama pale Adams, akachukua njugu moja, akaitazama kwenye mwanga, akauliza, "Mathe, hizi ndizo za sumu?" Alikuwa anatania. Lakini wawili waliokuwa nyuma yake wakarudisha mikono mifukoni. Mama alinisimulia hayo usiku, safari hii bila sufuria, akinitazama usoni.

"Zangu umewahi kupima?"

Sikuwa nimepima. Nilikuwa nimechukua sampuli katika masoko ya jiji hili hadi wauzaji wananijua kwa sura, na jioni nashukia Adams, nampita mama yangu mzazi na magunia yake, namsalimu tu, "Sasa, Mama," naenda zangu. Niliogopa. Basi.

"Zipime," akasema. "Halafu uje uniambie hapa, machoni."

Nikazipeleka maabara ya chuo chetu, kule Kabete, za kukaanga na za kusaga, kila moja kwenye mfuko wake. Za kukaanga zilitoka vizuri, nikaruka juu nikaipigia mashine makofi. Mama ni mkali kwenye uteo. Huzipepeta, kisha huzichambua moja moja, na yoyote iliyosinyaa, iliyovunjika au iliyobadilika rangi huwekwa kando.

Za kusaga nilizipima, nikazipima tena nikidhani nimechanganya, nikaketi kwenye stuli nikitazama ukuta. Zile zinazowekwa kando hazitupwi. Wauza njugu wengi hufanya hivyo wala hawafanyi kwa ubaya: zilizo nzima ni za kukaanga kwa sababu mteja anaziona, na zilizosinyaa huenda kwenye mashine kwa sababu zikishasagwa hazina sura tena. Ukitupa chakula Mungu anakuona. Na nyumbani kwetu hatukula zilizo nzima, hizo zilikuwa za biashara. Tulikula za kusaga.

Nilimwambia jioni hiyo hiyo, machoni kama alivyotaka, kwa maneno mafupi ya mafunzo. Za kukaanga ni safi. Za kusaga zina sumu.

"Za kusaga," akarudia.

"Ndiyo, Mama."

"Hata hizi za nyumbani?"

"Si ni zile zile?"

Akaweka mwiko chini. Hakuongea nami, hakuongea na sufuria. Akaenda nyuma ya nyumba, akasimama kwenye kamba ya nguo akipanga nguo zilizokwisha kukauka. Kesho yake hakwenda Adams. Kesho kutwa pia hakwenda. Magunia yalikaa pembeni na karai likafunikwa. Nikajua nimemmaliza. Mwanamke aliyekuwa na kazi yake na wateja wake na kiti chake pale barabarani, nimemkalisha nyumbani kwa mdomo wangu, na sasa hata kunitazama hawezi. Nililia bafuni maji yakiwa wazi ili asinisikie.

Mashindano yalikuwa Ijumaa. Siku moja kabla, mwalimu wa mafunzo aliona sura yangu akaniuliza kuna nini, nami kama mjinga nikamwambia yote. Macho yakamwaka.

"Hiyo ndiyo hotuba yako! Tupa yote uliyoandika. Simama pale useme, mama yangu anauza sumu. Halafu nyamaza. Ukumbi mzima utakuwa wako."

Nikamwambia akiyarudia maneno hayo nitaondoka na maiki yake na asinitafute. Nikamwambia mama yangu si chambo cha makofi. Sauti yangu ilifika hadi mezani kwa chai, watu wakageuka. Yeye hakucheka safari hii. Akasema polepole, "Pole. Nimezoea kutafuta hadithi hadi nasahau zina wenyewe." Nikampenda kidogo tangu hapo, ingawa sikumwambia.

Basi Ijumaa nikapanda jukwaani na hotuba yangu ya kanisani, bila Mama ndani yake. Ukumbi ulikuwa wa baridi, viti vyote vimevishwa vitambaa, watu wa suti na majaji safu ya mbele. Nilianza vizuri mno. Niliwaona wakinyanyua macho kutoka kwenye simu. Nikafika pale kwenye njugu chungu unayoona haya kuitema mbele ya watu, nikapaza sauti: "Usimeze! Iteme!"

Halafu nikangoja.

Mwili wangu ulikuwa umejifunzia kanisani. Ulikuwa unajua kwamba hapo unanyamaza, watu wanajibu, unavuta pumzi, unaendelea. Nikanyamaza. Hakuna aliyejibu. Wale si watu wa kujibu. Mtu mmoja akakohoa. Nikasema tena, "Iteme?" kwa sauti ndogo, kama ninayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Mwenzangu wa gereji, Mungu ambariki, alipiga kofi moja akaacha. Kufikia hapo nilikuwa nimepoteza uzi wote wa maneno, na nilipoushika tena kengele ikalia, nikabaki na nusu ya hotuba mdomoni.

Jaji mmoja, profesa mwanamke wa makamo mwenye sura ya upole, aliniuliza swali. "Na wauzaji je? Hii si itawaharibia kazi? Umezungumza nao?"

"Nimezungumza na mmoja."

"Akasemaje?"

"Bado hajaniambia."

Ukumbi ukacheka wakidhani ni mzaha. Nikainama, nikashuka.

Alishinda kijana mmoja aliyeeleza habari za popo hadi nikatamani kufuga mmoja. Sina kinyongo naye. Nilipiga makofi, nikala sambusa zangu, nikarudi Satellite kabla jua halijazama, na njia nzima nilikuwa nikipanga ugomvi. Niliingia nikiwa tayari. Mama alikuwa mezani, mbele yake chupa za njugu za kusaga zimepangwa, hazijafunguliwa.

"Nimeshindwa," nikasema nikiwa bado mlangoni. "Kwa hiyo kama ulikuwa unaniombea nianguke, umejibiwa."

"Keti."

"Sitaki kuketi."

"Mama, keti." Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake, na huniita hivyo mambo yakiwa mazito tu. Nikaketi.

"Uliwaambia watu wateme," akasema.

"Ndiyo."

"Na waliokwisha meza?"

Sikuelewa. Akaishika chupa moja kwa mikono miwili.

"Wewe ulikuwa mtoto mwembamba," akasema. "Watu walikuwa wanauliza kama nakulisha. Kwa hivyo nilikuwa nakupakia nene. Wenzako wanapakiwa kidogo, wewe nakupakia nene, mpaka inatoka kando ya mkate. Kila asubuhi. Sasa unakuja unaniambia ni sumu, halafu unaenda kulala! Nangoja useme, yule aliyekula anakuwaje? Kanisani hukusema. Hapa hukusema. Nikasema labda unajua, na ni mbaya, ndiyo maana unaninyamazia. Mimi biashara ni ya nini? Biashara naweza kuuza hata sabuni. Nimekufanya nini, mama? Nimekufanya nini?"

Woi. Siku hizo zote nilidhani amenikasirikia, kumbe alikuwa anaogopa. Kila alipoona mkate aliniona mimi. Nilikuwa nimesoma miaka yote hiyo, nikafunzwa kuzungumza na watu, nikawaambia watu kanisani na watu mjini, na mtu mmoja aliyekuwa anangoja jibu alikuwa akipika hapo hapo jikoni kwangu.

Nikasogeza kiti. Hapakuwa na kengele. Nikamwambia kwamba si kila aliyekula anaugua, wengi hawaugui, na kwamba mwili una njia zake za kutoa uchafu. Nikamwambia kinachosaidia kwanza ni kuacha kula. Nikamwambia sumu hiyo huwa mbaya zaidi kwa mtu mwenye homa ya ini ile ya virusi, ambayo ina kipimo na ina chanjo. Watoto wa siku hizi wengi hupata chanjo yake kliniki, sisi wakubwa wengi hatukupata. Alinikatiza, akauliza, akarudi nyuma, akauliza tena, nami nikajibu tena.

"Na wewe?" akasema mwisho. "Ini lako?"

"Sijui, Mama. Sijawahi kupimwa."

"Daktari mzima."

"Sijawa daktari."

"Twende."

Tulienda asubuhi yake, kliniki ya jirani, wote wawili tukatolewa damu. Tulikaa kwenye benchi tukingoja, Mama akiwa ameshika mkono wangu kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Daktari alituita, akasoma, akasema maini yetu yote hayana neno, virusi hakuna, akaagiza tuchomwe sindano ya kwanza ya chanjo. Mama alimshukuru vizuri sana. Tulipotoka nje akaketi kwenye benchi, akafunika uso kwa kitambaa chake, akaachilia kilio cha kwao cha msibani, "Mayoo! Mayoo!" hadi muuguzi akatoka mbio.

"Nani amefariki?"

"Hakuna," nikasema, na mimi nikaanza kulia. "Ndiyo maana analia."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakati wa ushuhuda Mama aliinuka kabla sijajua ana mpango huo. Hakubeba kikapu siku hiyo. Akatembea hadi mbele, akakataa maiki kwa mkono.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Zile za kusaga mlizonunua kwangu, nyinyi wote mlio nazo, mkifika nyumbani mwage. Hata kuku msimpe. Nilikuwa nasaga zile zilizobaki kwa uteo. Sikujua ni mbaya, lakini ni mimi nilizisaga, na watoto wenu wamekula. Wangu pia amekula, huyu hapa."

Kanisa letu, ambalo halimwachi mtu aongee peke yake, lilinyamaza. Nilisikia mtoto akichezea ufunguo sakafuni. Nikataka kuinuka niende nikasimame naye, nieleze, nitetee, nipunguze. Akaninyooshea kiganja bila kunitazama, nikabaki nilipo.

"Amepimwa, yuko sawa. Ameniambia wengi huwa sawa, na mimi namwamini, kwa sababu hasira zake nazijua na uwongo hana. Kesho asubuhi nitakuwa kwa geti la kliniki. Mwenye mtoto aje na kadi yake waangalie chanjo, na mwenyewe apimwe. Yule ako na swali, atamuuliza huyu, atajibu mpaka mchoke. Na yule amenikasirikia aje pia. Anikasirikie tukiwa kwa foleni."

Akarudi akaketi. Mchungaji aliomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia kwake.

Usiku mzima Mama alisema hawatakuja. Jumatatu tulifika mapema, nikiwa nimebeba chupa ya chai, tukasimama getini kwenye ubaridi. Mtu wa kwanza kutokea kwenye kona alikuwa yule jirani yetu, mteja wa kila Jumapili, watoto wake wawili wakiwa na sare za shule na yeye akiwa na kadi za kliniki mkononi na uso umekunjwa. Akasimama mbele ya Mama.

"Mimi nimekuja na hasira," akasema.

"Sawa," Mama akamwambia, akampokea mtoto mdogo begi. "Simama hapa nyuma yangu."